Kishingo Ametaga

Jumamosi, 3 Oktoba 1959

Kuku wamefika! Watatu. Mmoja mwekundu, mmoja mweusi, na mmoja mwenye shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja, ambaye wenye kujua humwita kishingo. Nimepewa na mvuvi wa Kojani. Saa yake ya mkono ilikunywa maji ya chumvi, mimi nikaifufua. Inachelewa kidogo, lakini inakwenda. Akaapa kwamba kuku hawa wataanza kutaga kabla ya wiki kwisha. Sikumwuliza mvuvi amejuaje mambo ya kuku.

Naandika haya kwa sababu yana uzito. Baba mkwe, Mzee Mmanga, amemtuma mtu na salamu kutoka Fundo. Atakuja Ijumaa baada ya sala. Akiikuta nyumba yangu mimi Jaribu bado ni nyumba ya majaribio, atamchukua binti yake Mwatima arudi naye Fundo mpaka mimi nikue. Nina miaka arobaini na moja! Ni ile sabuni niliyoipika mwezi uliopita, iliyomtoa mama mkwe ngozi ya viganja. Watu hawasahau.

Nimerudisha jibu kwa huyo huyo aliyeleta salamu: Ijumaa Mzee atakula mayai ya kuku wangu mwenyewe, wa uani kwangu hapa Madungu. Mtu anayekula mayai ya uani kwake ni mtu aliyetulia. Kila mtu anajua hilo.

Mwatima akauliza kama nimewahi kufuga kuku. Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi saa, na kwamba niliitengeneza ile saa ya tajiri wa Wete yenye ndege anayetoka mlangoni kila saa. Akauliza kama yule ndege alitaga.

Jirani yangu Kificho, mwenye kuku kumi na wanne na asiyechoka kuwataja, alichungulia juu ya ua wa makuti. Alimwangalia kishingo kwa muda mrefu. Akauliza kama wote ni majike. Nikamwambia mtu mwenye adabu haangalii kuku wa mwenzake namna ile. Wivu!

Jumapili, 4 Oktoba

Nimekaa uani tangu asubuhi na saa mkononi.

Saa mbili na dakika kumi: mwekundu ameingia katika sanduku la majani. Saa mbili na dakika kumi na nne: ametoka. Nimetazama. Majani.

Saa nne kasorobo: mweusi ameingia. Ametoka. Ameacha kitu. Si yai.

Kishingo hakuingia kabisa. Yeye anatembea huku na huku, kifua mbele, kama anakagua askari.

Adhuhuri nikapata akili. Kuku hawajui wanachotakiwa! Nikachonga kipande cha chokaa kikawa kama yai, nikakiweka sandukuni wakione, wajifunze. Walikikusanyikia. Wakakitazama. Wakakila chote.

Kificho akasema kutoka kwake kwamba chokaa inawafaa kuku. Simwamini.

Jumatatu, 5 Oktoba

Shida ya kuku ni kwamba hawana wakati. Nilishindwaje kuliona hilo, mimi fundi saa? Nikaweka saa ya kengele ndani ya banda, nikaitega saa moja unusu asubuhi, wakati mzuri wa kutaga. Ikalia. Sikujua kuku huruka juu kiasi kile. Wote watatu walipita juu ya ua wakaangukia kwa Kificho, katika ungo wa mchele wa mkewe Mwanawema.

Kificho amewarudisha, kawashika miguu, vichwa chini. Akasema hawa bado wadogo, niwaache mwezi mzima na nisiwatie hofu. Mwezi mzima! Na Mzee anakuja Ijumaa! Anataka niaibike.

Mwatima akauliza kama kweli baba yake alisema Ijumaa. Nikamwambia Ijumaa. Akauliza kama mambo yote yameshikana na mayai. Nikamwambia yote. Akasimama na ufagio mkononi bila kufagia. Kisha akachukua ukili aliokuwa akiusuka, akaenda nao kwa Mwanawema. Nyumba inaniangukia, wao wanazungumza mikeka!

Jumanne, 6 Oktoba

Mayai! Matatu!

Baada ya sala ya alfajiri Mwatima aliniambia nikatazame banda. Alisema hivyo tu, amenipa mgongo. Nikaenda. Matatu juu ya majani, yamejipanga safu. Nikapiga takbiri, Kificho akatoka mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Mambo mawili sikuyafahamu. Kwanza, mayai yalikuwa baridi. Pili, moja lilikuwa na mstari mdogo mweusi, kama wa mkaa. Nadhani ni alama ya kuzaliwa. Mimi mwenyewe ninayo moja begani.

Sijawahi maishani mwangu kula yai la kuku wangu. Nikamwambia Mwatima achemshe moja, na achemshe pia moja la kwa Kificho, nipate kupambanisha. Akakohoa. Akaniletea mawili. Akasema hili ni langu, na hili la Kificho. Nikafumba macho, nikatia chumvi, nikaonja.

Langu: kiini kizito, kinayeyuka polepole, kina utamu wa mbali kama wa dafu. Unaonja jua la asubuhi. Unaonja mchanga wa Madungu. La Kificho: karatasi.

Nimewaambia wote waliokuja dukani kwangu. Nimewaambia na waliokuwa wakipita njia. Nimemwambia Kificho mwenyewe, kwa upole, asijilaumu, ni malezi tu. Alinitazama, akageuka kuwatazama kuku wake.

Jumatano, 7 Oktoba

Matatu tena. Lakini nimechanganyikiwa.

Saa tano na dakika ishirini asubuhi kishingo alipanda juu ya kinu, akainyoosha ile shingo yake, akawika. Sauti ya kukwaruza, lakini ni kuwika. Mara mbili. Kificho alikuwa uani kwake. Alijishika ubavu, akaingia ndani.

Nimefanya hesabu kwenye karatasi. Kuku watatu. Mayai matatu. Mmoja katika watatu ni jogoo. Nikaigeuza karatasi, nikafanya upya. Jibu ni lile lile. Jogoo anataga!

Hapo nikashtuka. Jana nimekula yai. Kama lilikuwa lake? Alasiri nikaenda kwa Mwalim Soud, anayesomesha Kurani karibu na msikiti wetu.

“Mwalim,” nikamwuliza, “yai la jogoo laliwa?”

“La nani?”

“La jogoo.”

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. “Jaribu, Mwatima hajambo?”

“Hajambo, Mwalim.”

“Na weye?”

Nikamweleza hesabu yote. Akasema kuku ni halali na yai lake ni halali, lakini kabla ya kuuliza hukumu ya yai, nitafute kwanza nani kalitia pale. Kisha akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtikisika. Nadhani alikuwa akiniombea dua.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimetafuta. Nimepata!

Jana kabla ya magharibi nilimtenga kishingo peke yake chini ya tenga, upande wa mbali wa ua, na majani yake mwenyewe. Leo baada ya sala nikainua tenga. Yai! Jeupe, baridi, mbele ya miguu ya kishingo! Mwenyewe alikuwa akilitazama kwa mshangao kama mimi. Na sandukuni mawili mengine.

Nikamwita Mwatima aje aone. Alipoliona lile la chini ya tenga alijiziba mdomo, akasema, “Ole wangu.” Nikamwambia asiogope, hii ni heri imetushukia.

Nimewaalika Kificho na Mwalim Soud chakula cha kesho, wawe mashahidi. Mzee Mmanga atakuwa mtu wa kwanza katika watu wote wa Fundo kula yai la jogoo. Nani atamnyang’anya mke mtu mwenye jogoo kama huyu?

Mwatima ameniomba kesho tule samaki tu, mayai nisiyataje. Ameniomba mara tatu. Mara ya tatu alinishika mkono wa kanzu. Nimemwambia asione haya.

Ijumaa, 9 Oktoba

Jua halijatua, lakini naandika sasa.

Mzee Mmanga alikuja moja kwa moja kutoka msikitini. Akaketi mkekani, fimbo juu ya magoti, hakuuliza habari za kazi. Mwalim Soud akaketi kulia kwake, Kificho kushoto. Mwatima akaleta sinia ya wali na mchuzi wa samaki changu, na sahani ya mayai ya kuchemsha, akarudi ndani.

Nikasimama, nikahutubu. Nikaeleza habari ya chokaa. Nikaeleza saa ya kengele. Nikaeleza hesabu, pande zote mbili za karatasi. Mzee alikuwa akitazama paa. Mwishoni nikamwekea mbele yake lile yai la tenga.

Kificho akanyoosha mkono akaliokota. Akaligeuza. Lilikuwa na mstari mweusi, umefifia majini lakini upo.

“Jaribu,” akasema polepole, wala si kwa kejeli, “huu mkaa wa mke wangu. Huyatia alama asichanganye mayai ya leo na ya jana.”

Nikamwambia hiyo ni alama ya kuzaliwa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

“Mayai ni ya Mwanawema.” Ilikuwa sauti ya Mwatima, nyuma ya pazia. “Yote. Nimemsukia ukili, naye kanipa mayai. Nikawa nayatia bandani alfajiri. Hilo la kwenye tenga nilikosea. Kulikuwa kiza.”

Mzee akaiweka fimbo chini. “Kwa nini, mwanangu?”

“Ulisema utanichukua Fundo, baba.”

“Na hutaki?”

“Staki.”

“Kwa ajili ya huyu?” Akaninyooshea kidole, na kidole kile kilikaa hewani muda mrefu.

“Kwa ajili ya huyo.”

Kisha tukamsikia analia, sauti ndogo, kama mtu aliyejifunika kanga usoni.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nikifikiria: kama yote ni ya Mwanawema, wangu wametaga mangapi? Lakini kifua kilinijaa ghafla. Mayai, nafikiri. Nimekula mengi wiki hii.

Mwalim Soud aliinamisha kichwa. Kificho alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Mzee Mmanga akalichukua lile yai kutoka mkononi mwa Kificho, akalimenya, akaomba chumvi, akalila lote. Akasema anataka kuwahi gari ya Wete ya saa kumi. Peke yake. Akaingia nyuma ya pazia akazungumza na Mwatima, sikusikia nini. Mlangoni alinishika bega, akalibana, akanitazama kama mimi ninavyoitazama saa ambayo mwenyewe anaipenda na haina dawa. Akaenda zake.

Ameridhika! Ni ile ladha. Niliwaambia.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimewaza tangu jana. Mwatima anashikilia kwamba hakuna hata moja lililokuwa langu. Lakini ulimi wangu ulijuaje? Jawabu ni moja tu. Yai likilala bandani kwangu, linachukua ladha ya kwangu. Nimemweleza Mwatima. Amesema sawa. Amesema sawa haraka sana.

Leo asubuhi, jambo jipya. Nimekuta yai moja sandukuni. Dogo, lina joto, na tone la damu kwenye ganda. Mweusi alikuwa kando yake akipiga kelele mtaa mzima ukamsikia. Nikajua mara moja: Mwatima ameanza tena! Nikamwuliza. Akaapa kwamba hajatoka ndani tangu alipoamka, wala hajui lolote, na macho yakamng’ara, akaniambia nilile upesi kabla halijapoa. Aliapa vizuri. Lakini mimi si mtu wa kudanganywa mara mbili.

Nikalipeleka kwa Kificho, nikamkabidhi mkononi mbele ya mkewe. Mtu ana heshima yake. Kificho akaligusisha shavuni, akamtazama mweusi juu ya ua, akaanza kunieleza kitu. Nikamwambia hakuna haja ya kunishukuru. Nikamwambia pia awachukue kuku wote watatu, maana hawatagi. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu alinishika mkono kabisa. Wivu umemwisha, sasa ananionea huruma. Nikashikilia. Hatimaye akakubali, ila akakataa kuwachukua bure, akanipa mzinga wake wa nyuki uliokuwa umelala nyuma ya jiko.

Mzinga ni mtupu. Si kitu. Nimeutundika juu ya mfenesi, mlango umeelekea mikarafuu, nyuki wenyewe watauona. Nimeshapeleka salamu Fundo: Mzee Mmanga aje Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ale asali ya uani kwangu.

Mwatima aliutazama mzinga. Akanitazama mimi. Akachukua ukili wake, akatoka. Sasa hivi namsikia kule ng’ambo ya ua akimwuliza Mwanawema nani hapa Madungu mwenye asali.

Sijui anaitakia nini. Yetu iko njiani.