Maoni ya Wapigakura Milioni Mbili na Laki Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, kwa kuwa Mgeni Rasmi ametingwa na majukumu. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye ndiye ninayemwona hapa akihangaika na kizibo cha chupa ya maji. Waheshimiwa mlioshinda uchaguzi wa mwezi uliopita, mliofika kwa wingi. Waheshimiwa mlioshindwa, ambao viti vyenu naona vimekaliwa na mikoba ya walioshinda. Wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, kaimu wakurugenzi wasaidizi, na nyinyi mnaokaimu nafasi za kaimu. Viongozi wa dini mliotufungulia kwa sala na ambao huenda mkahitajika tena kabla sijamaliza. Wadau, wadau wenza, na nanyi mliofuata feni: itifaki imezingatiwa, na kama kuna aliyesahaulika, ajue amesahauliwa kwa kufuata utaratibu.

(Makofi.)

Mtaniwia radhi nikihutubia nimekaa. Daktari wangu, ambaye hakupata mafunzo yoyote ya kupamba takwimu, alinipa wiki sita, na mbili kati ya hizo nimezitumia kungoja hafla hii, iliyoahirishwa mara tatu ili Mgeni Rasmi apate nafasi ya kutokuja.

(Minong'ono ya "pole, mzee".)

Msinipe pole. Mtu aliyebakiza wiki nne ndiye peke yake ndani ya ukumbi huu ambaye hatafuti uteuzi.

(Vicheko nyuma. Safu ya mbele inatazama viatu vyake.)

Nimeombwa, nikiwa Mwenyekiti Mwasisi wa Mradi wa Kitaifa wa Kumsikiliza Mpigakura, niwakabidhi uzoefu wangu vijana wanaoanza awamu ya pili ya Mradi, ili wananchi wanaobishana juu ya matokeo ya mwezi uliopita, kwa vinyozi, kwenye foleni za maji na vitandani kati ya mume na mke, waelezwe kitaalamu kwamba wameridhika. Ofisi ilinitumia hotuba ya kurasa kumi na nane. Mke wangu ameipenda sana. Anasema karatasi yake ni nzito, inafaa kutandikwa kabatini. Nimekuja na ya kwangu, na ndani yake kuna ajenda moja ambayo haimo kwenye ratiba yenu: kuna mwanamke mmoja ambaye nilimharibia jina kwa ndugu yake, na ninataka kumrudishia jina hilo leo, huyo ndugu akisikia, kabla sijazikwa nalo.

(Watu wanageuzana shingo.)

Lakini sisi maofisa hatuanzi na jambo lenyewe. Tunaanza na mafanikio.

Miaka kumi iliyopita, ndani ya siku tisa tu baada ya matokeo kutangazwa, katika nchi ambayo barua huchukua siku kumi na nne kuvuka mto, Mradi huu ulikusanya, ukachambua, ukachakata na kufungasha maoni ya wapigakura milioni mbili na laki nne. Asilimia tisini na saba nukta tatu waliridhika sana. Asilimia mbili nukta nne waliridhika kiasi. Asilimia sifuri nukta tatu hawakuridhika, ila walikiri kwamba kosa lilikuwa lao.

(Makofi kutoka safu ya mbele. Yanakoma yanapojikuta peke yake.)

Ripoti ilisifiwa sana kwa kubeba sauti halisi ya mwananchi wa kawaida. Mtakumbuka yule muuza samaki aliyesema, huku akipaa magamba: "Kwa kuzingatia mustakabali wa taifa, nimeupokea mchakato huu kwa mtazamo chanya." Mtakumbuka yule mchunga mbuzi aliyesema kwamba uwazi ni suala mtambuka. Mtakumbuka na bibi wa miaka tisini na mmoja, asiyejua kusoma, aliyeshauri tuimarishe mifumo ya tathmini shirikishi. Ripoti hii ilipita mikononi mwa wakurugenzi saba, wote wana mama zao, wote wamewahi kununua samaki, na hakuna aliyeuliza muuza samaki huyo anaishi wapi.

(Sauti nyuma: "Na samaki wake alikuwa anauza kwa kilo au kwa dodoso?" Kicheko kikubwa.)

Kisha ukaja mdahalo. Tuliagizwa turushe redioni saa nzima ya wananchi wakijadili matokeo kwa ukomavu. Nikaandika mjadala mwenyewe, nikawakusanya stoo dereva wangu, mhudumu wa chai na shemeji yangu aliyekuwa amekuja kuulizia kazi, tukaziba dirisha kwa blanketi ili honi zisiingie. Dereva nilimpa nafasi ya mpinzani mwenye busara, ambaye dakika ya arobaini anaelimika na kuyakubali matokeo. Dakika ya arobaini ikafika. Dereva akaitazama karatasi tu.

Nikamwambia, "Soma, bwana. Hapo unakubali."

"Bosi, nimepaona. Ila sikubali."

"Imeandikwa ukubali."

"Imeandikwa, naona. Lakini hebu nieleweshe kwanza. Kituo chenye watu mia nne kwenye daftari kilipataje kura mia sita?"

Mhudumu wa chai, ambaye nilikuwa nimempangia aridhike tangu dakika ya pili, akaweka birika chini. "Hapo hata mimi nina swali, bosi."

Wakabishana dakika ishirini bila kutazama karatasi. Wakakatana kauli, wakaombana radhi, wakakubaliana mambo mawili na kuachana kwa matatu. Ulikuwa mjadala bora kuliko wowote niliowahi kuusikia kuhusu uchaguzi ule, na niliufuta kwa mkono wangu. Uliorushwa hewani ni wa shemeji, aliyeigiza pande zote mbili. Kwa kuwa alikuwa na mafua, wapinzani na walioridhika wote wakazungumzia puani mwanzo hadi mwisho.

(Vicheko. Sauti: "Nilimsikia! Nikadhani ni redio yangu!" Mshereheshaji anakohoa na kugonga saa yake.)

Naiona saa, mshereheshaji. Kati yetu wawili, mimi ndiye ninayeiona vizuri zaidi.

Sasa ajenda yangu. Kuna fundi cherehani amekaa safu ya nne, kando ya nguzo, na hajui kwa nini nimemwalika. Nilimwambia aje aone suti aliyoishughulikia ikivaliwa mbele ya wakubwa.

(Mwanamke wa makamo anainua mkono kwa aibu. Makofi machache.)

Wiki tatu zilizopita nilimpelekea suti hii aipunguze, kwa sababu mwili wangu umepungua kuliko bajeti ya dawa. Akanizungushia tepu kifuani, pini nne mdomoni, akaniuliza kama huko kwetu tumeyakubali matokeo. Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu waandishi, kwamba ni mapema mno kusema. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande usio na pini.

"Wewe una bahati, mzee. Mimi uchaguzi ule wa miaka kumi nyuma nilisema kabla sijafungua mdomo."

Akafungua droo ya vifungo, akatoa kipande cha gazeti, kimelainika kwa kukunjwa. Sikuhitaji miwani. Kilisema: Fundi cherehani mwanamke wa mkabala na posta alieleza, "Kura zilihesabiwa mbele yetu kwa uwazi wa hali ya juu. Mawakala waliokataa kutia saini fomu za matokeo, hata wakiwa ndugu zetu wa damu, waone haya."

"Soma hapo mwisho, baba," akaniambia. "Mdogo wangu wa kiume alikuwa wakala. Alikataa kusaini kwa sababu hesabu ya mezani haikuwa hesabu ya kwenye fomu. Wenzake wote walisaini, yeye akabaki na kalamu mkononi mpaka wakamtoa nje. Siku chache baadaye akanunua gazeti, akakutana na mimi namwambia aone haya."

Nikamuuliza kama alimweleza ukweli ndugu yake.

"Nilimweleza. Akasema, gazeti lingejuaje kuna fundi mwanamke mkabala na posta, kama hukujipeleka mwenyewe? Mama yetu alipofariki tulipokea pole nyumba moja, mimi mlango wa mbele, yeye mlango wa nyuma. Geuka, baba, nipime mgongo."

(Watu wa safu ya nne wanamgeukia fundi cherehani.)

Gazeti lilijuaje? Nitawaeleza wadau. Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la posta. Mhariri alinipigia saa saba mchana, akalalamika kwamba wananchi wangu wote wanaelea, akataka japo mmoja anayeonekana. Nikatazama dirishani nione nani anaonekana. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na cherehani moja na mwanamke mmoja ameinamia kitambaa. Nikamaliza sentensi, nikaenda kula. Lile la ndugu wa damu nililiweka kwa ajili ya mapigo ya sentensi tu. Sikujua ana ndugu. Sikujua hata sauti yake.

Na siku ile ya suti nilifanya nini? Nikavaa koti, nikamwambia limekaa vizuri, nikatoka. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kwa maana la kwanza nililifanya nikiwa ghorofa ya pili, hili nikiwa mbele ya uso wake.

(Mshereheshaji anapitisha kidole shingoni, akimwashiria fundi mitambo kwenye kona akate sauti.)

Okoa kidole chako, mshereheshaji. Kamati iliponiomba nihutubie, nilitoa sharti moja: vipaza sauti vikodiwe kwa mtu nitakayemtaja mimi. Nilimtafuta siku kumi. Fundi mitambo aliye pale kwenye kona, mwenye swichi mkononi, ndiye yule wakala. Kijana wangu, sauti ni yako. Ukitaka kuikata, kata. Utakuwa na haki kuliko yeyote hapa.

(Mlio mfupi wa spika. Sauti inabaki.)

Basi, kwa mamlaka ambayo sikupewa na mtu, natamka rasmi kwamba dada yako hakusema neno hata moja. Hakuulizwa. Maneno yale ni yangu, pamoja na koma zake.

(Fundi cherehani anasimama. "Baba! Yaani nimekushika kifua, nimekueleza yote, ukanyamaza?")

Nilinyamaza, mwanangu.

("Ningejua ningekuchoma pini!")

Zingefaa zote nne.

(Vicheko vichache, vya woga. Fundi mitambo, kutoka kwenye kona: "Na leo umelipwa na nani, mzee? Mlishasema mengi nyinyi.")

Swali zuri, na ndilo mlilotakiwa kuniuliza miaka kumi iliyopita. Anilipe nani, na hizo pesa nije nizitumie lini? Lakini usiniamini, umeshaumia kwa kuamini maandishi yangu. Muuguzi wangu anakuletea karatasi. Ni rasimu, mwandiko wangu, tarehe iko juu. Utaona kwanza niliandika "kinyozi mmoja". Nikakata. Nikaandika "mwalimu mstaafu". Nikakata. Halafu ndiyo utamwona dada yako, kwa wino uleule, kabla gazeti halijachapwa. Alichaguliwa wa tatu, kama mtu anavyochagua shati.

(Fundi mitambo anasoma. Anageuza karatasi, anasoma nyuma ambako hakuna kitu, anaigeuza tena. Dada yake, bila kipaza sauti: "Nilikwambia. Nilikwambia kupitia mlangoni mara tatu, mpaka jirani akanionea huruma." Fundi mitambo: "Nilikusikia." Mwakilishi wa Mwakilishi anakusanya karatasi zake na kusimama.)

Mheshimiwa, vumilia kidogo, bado kaulimbiu na shukrani. Bila hizo hafla haihesabiki kuwa imefanyika. Kaulimbiu ya Mradi mnaifahamu. Nikisema "Mpigakura!", mnaitikia "Amesikika!" Mpigakura!

(Kimya.)

Mpigakura!

(Sauti moja nyuma: "Yuko wapi?")

Asante. Hiyo ni bora kuliko ile tuliyoichapa kwenye kofia. Mradi oyee!

(Mtu mmoja wa safu ya mbele anaitikia kwa mazoea, kisha anajifanya kukohoa.)

Mwisho ni shukrani. Nawashukuru wadodosaji elfu moja na mia mbili, ambao hawakuajiriwa. Nawashukuru wasimamizi wa kanda, ambazo hazikuchorwa. Nawashukuru wataalamu wa kuchakata data, yaani kikokotoo changu cha mezani, ambacho kilikuwa na kitufe cha saba kibovu, ndiyo maana ile asilimia tisini na saba niliiandika kwa kichwa. Nawashukuru wapigakura milioni mbili na laki nne mliotoa maoni yenu kwa uhuru. Nyote mlikuwa mimi. Hakukuwa na Mradi. Kulikuwa na meza, dirisha na mzee huyu akiwa na nguvu zake, na kwa siku tisa nzima sikumuuliza mtu mmoja chochote, isipokuwa mhudumu wa chai, niliyemuuliza kama kuna sukari. Vijana wa awamu ya pili, hamna cha kupokea kutoka kwangu. Kesho asubuhi muulizeni mtu mmoja, halafu mngojeni ajibu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Safu ya mbele inatoka kwa kufuata vyeo. Fundi mitambo ameacha mitambo ikiwa wazi, amekuja hadi safu ya nne, amesimama na karatasi mkononi. Dada yake anamtazama kuanzia kola mpaka pindo. "Nani anakushonea siku hizi?" "Nanunua zilizoshonwa tayari." "Inaonekana. Nyoosha mkono.")