Pini ya Kumi na Mbili

Mama Pacha anasema aliibiwa televisheni akiwa bafuni, sabuni machoni, saa nne ya asubuhi na jua linawaka. Anasema alisikia mlango ukilia, akauliza, "Nani?" na mwizi akamjibu kwa adabu zote, "Ni sisi, mama, endelea kuoga." Hivyo ndivyo alivyosema Jumatatu. Jumanne wezi walikuwa watatu. Kufika Jumatano walikuwa watano, mmoja ana kovu, na kabla ya kuondoka walimkumbusha kufunga bomba maana maji yalikuwa yanamwagika bure.

Hakuna aliyembishia. Nani ambishie, na hiyo ilikuwa nyumba ya kumi na mbili kuibiwa ndani ya miezi mitatu? Ilikwenda mitungi ya gesi, ikaenda pampu ya maji, likaenda friji zima na maziwa ya mtoto ndani yake. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wezi hawa, inaelekea, walikuwa bado hawajaanza kuhesabu.

Kati ya waliojaa uani kumpa pole alikuwamo mtu mmoja aliyevaa koti la suti na kandambili. Mtaa mzima ulimwita Shemeji. Alikuwa amemwoa dada wa nani, hakuna aliyejua. Yeye ndiye aliyeanza kuwaita watu shemeji, na mtu akishaitwa shemeji huona haya kukunyima.

Shemeji aliishi chumba cha nyuma kwa dada yake, fundi cherehani. Cherehani yenyewe ilikuwa ya mama yao, ya kukanyaga kwa miguu, chuma kitupu. Ndiyo iliyowalea wote wawili, ndiyo iliyomlisha Shemeji mpaka hivi leo na ndevu zake. Lakini mwezi uliopita, baada ya ile habari ya kuwauzia watu viwanja ndani ya makaburi, dada alikata uzi kwa meno akamwambia, "Mdogo wangu, aibu nyingine moja ikigonga mlango huu, katafute dada mwingine."

Ni hiyo habari ya viwanja iliyomfikisha kituo cha polisi, akakaa siku tatu akifagia ofisi. Ukutani palikuwa na ramani imechomwa pini, na mkuu mmoja mwenye kitambi akiwafundisha vijana wake jinsi ya kumfuata mwizi kwa pini hizo. Vijana walikuwa wanapiga miayo. Shemeji alifagia pembe ile ile mara nne. Sasa, uani kwa Mama Pacha, alitazama nyuso za watu zilivyojaa hofu, na yale ya kituoni yakamrudia. Hofu ya watu ni shamba, aliwaza, na huku hakuna aliyelima.

Kesho yake aliingia duka la vifaa vya ujenzi.

"Sikopeshi," alisema mwenye duka kabla hajasalimiwa.

"Shemeji, nani kaja kukopa? Nimekuja kukuonyesha mwizi anapolala."

Muuza nyama, aliyekuwa pale akichagua misumari, akageuka. "Umemwona?"

"Kumwona ni kazi ya macho. Mimi natumia hesabu." Shemeji akavuta kiti bila kukaribishwa. "Mbuzi ukimfunga kwenye kigingi, anakula majani mpaka wapi?"

"Mpaka kamba inapoishia."

"Na pale pale anapolala?"

"Hapali. Si keshapachafua?"

"Basi umemaliza. Mwizi haibi mlangoni pake, anajulikana. Haendi mbali, vichochoro havijui na mzigo unamwelemea. Wewe nionyeshe majani yaliyoliwa tu, mbuzi sina haja naye. Napima, nakufikisha kwenye kigingi."

Mwenye duka, ambaye friji lake ndilo lililokwenda na maziwa, alikuna kidevu. "Tukishakipata, tunaita polisi?"

"Mnaweza. Ila polisi wakitangulia, kila kitu kinakuwa ushahidi. Friji lako utalipungia mkono dirishani miaka mitatu."

"Na vile vitu ambavyo wenyewe hawatajitokeza?" aliuliza muuza nyama, mtu ambaye hajawahi kuibiwa hata kisu.

Shemeji akainamisha macho kama mtu aliyetajiwa msiba. "Hapo sasa, shemeji, mimi si mwanasheria."

Walinunua. Mbuzi kwenye gunia huuzwa vizuri zaidi kama mnunuzi anadhani gunia nalo ni la bure. Ikakubaliwa kila mwenye nyumba atoe mchango wa upimaji, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini Shemeji na mchango, bahasha akakabidhiwa Mama Pacha. Mtu aliyeibiwa juzi, walisema, ana uchungu na cha mwenzake.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Ramani ilikuwapo dukani, ya mabomba ya maji. Pini na futi vilikuwa kwa dada.

Sasa, fundi haazimi futi yake. Mkasi huenda, kwa shida. Futi haitoki shingoni. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, habari za mbuzi na kamba, mguu ukiwa umesimama juu ya kanyagio.

"Haya ya kweli?"

"Kweli, dada. Hata polisi wanafanya." Na kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu, alikuwa hajasema uongo.

Dada akaivua futi, laini, ya njano, imefutika namba upande mmoja. "Mama angefurahi kukuona una kazi," alisema, akarudi kwenye mshono wake upesi. Shemeji akatoka akiiviringisha futi mkononi.

Upimaji ulifanyika dukani mbele ya watu. Shemeji alichoma pini kumi na mbili, akavuta futi huku na huku, akanong'ona namba, akafunga macho, akaomba maji ya kunywa. Mama Pacha alimshikia ncha ya futi kwa moyo wote.

"Swali," alisema mwenye duka. "Mbona kule kilimani, kwenye nyumba za kupandia ngazi, hawaibi, na ndiko kwenye mali?"

"Usinikate hesabu, shemeji."

Mwishowe akatia kidole kwenye kiwanda cha sabuni kilichofungwa, ng'ambo ya mto. Alikuwa amekichagua tangu juzi, kwa sababu kiko mbali na stendi ya mabasi.

"Kigingi hiki hapa. Alhamisi, saa nne asubuhi, kila nyumba itoe mtu, tuzunguke kiwanda kabla hawajatoka kwenda kazini kwao. Mimi nitafuata nyuma."

"Kila nyumba?" aliuliza Mama Pacha. "Asibaki mtu?"

"Asibaki mtu. Pengo moja tu, mbuzi kapita."

"Hapo umesema, baba," alisema Mama Pacha. "Na wanangu nao watakuja na mkokoteni wao mpaka ukingoni mwa mto, wabebe vitu." Wanawe hao, pacha wenyewe, walikuwa vijana wenye mabega, wakizunguka kutwa kununua vyuma chakavu. Watu wakamshukuru.

Alhamisi mtaa ulihama. Muuza nyama alibeba shoka, mwenye duka alibeba gunia, tena tupu, na hakuna aliyemuuliza la nini. Dada alifunga kibanda chake akawafuata. Kabla ya kuondoka alichungulia chumba cha nyuma. "Nakwenda kukaa kwenye duara lako," alisema, akacheka, na alikuwa hacheki ovyo. Shemeji akamrudishia futi, akamvika mwenyewe shingoni.

Mama Pacha akampa bahasha mlangoni, imenona, imebandikwa gundi. "Mchango wa watu, baba. Uutumie vizuri."

Saa nne na nusu Shemeji alikuwa stendi, amekaa kwenye benchi, ramani imekunjwa kwapani asiache ushahidi. Basi lilikuwa linapiga honi. Akaipasua bahasha kwa ukucha wa kidole kidogo, kama mtu mwenye nafasi.

Ndani mlikuwa na gazeti, limekatwa vipande kwa vipimo sawa, kazi safi kabisa. Kipande cha juu kilikuwa na utabiri wa nyota: wiki hii, jihadhari na jamaa wa karibu.

Shemeji hakukasirika kwanza. Alistaajabu, kama seremala anavyostaajabia kiti cha seremala mwenzake. Halafu akaikunjua ramani magotini, pini zikiwa bado zimo, akaitazama kwa mara ya kwanza bila kudanganya mtu. Akaing'oa ile ya kumi na mbili, ya Mama Pacha.

Zilizobaki kumi na moja zikakaa mviringo, wazi kama sahani. Katikati ya sahani palikuwa na vichochoro viwili ambavyo havijaguswa, na katikati ya vichochoro hivyo, tundu la pini aliyoing'oa. Upande wa ngazi hapakuwa na pini hata moja. Mkokoteni haupandi ngazi.

"Mbuzi mwenyewe ndiye aliyenishikia kamba," alisema kwa sauti, na mama aliyekaa pembeni akasogeza mizigo yake.

Hapo ndipo kilipomfikia kile kingine. Asibaki mtu, alisema yeye. Kila nyumba. Na kibanda cha dada kina kufuli la kudanganyia watoto.

Kondakta akampigia kelele, "Mzee wa koti, unapanda?" Nauli alikuwa nayo mfukoni, ya kwake mwenyewe. Alitazama basi, akatazama ramani. Kisha akakimbia, kandambili moja ikabaki stendi.

Alipofika, mlango wa Mama Pacha ulikuwa wazi na ndani hamna hata pazia. Mtaani kote nyumba zilikuwa zinatazamana milango wazi. Wanaume waliokwenda kiwandani nao walikuwa wanarudi, wamelowa maji ya mto hadi magotini, wanaulizana Shemeji yuko wapi. Shoka la muuza nyama lilikuwa bado halijapata kazi.

Dada alikuwa ametangulia. Alikuwa amekaa kibandani juu ya ndoo, mbele ya alama nne sakafuni, pale miguu ya cherehani ilipokaa miaka thelathini. Futi ilikuwa shingoni. Bahasha iliyopasuka ilichungulia mfukoni mwa koti la mdogo wake, na dada aliitazama hiyo kwanza, kisha mguu usio na kandambili.

"Ulifika stendi," alisema.

"Nilifika."

Sauti za wanaume zilikuwa zimekaribia kona. Shemeji akapiga magoti, akatandaza ramani palepale kwenye zile alama nne.

"Dada, nisikilize. Wana mkokoteni, na mkokoteni umejaa chuma. Hauvuki mto, haupandi ngazi. Njia ni mbili tu, na mbali hawajafika. Nikipima sasa hivi naijua watakayoshika. Safari hii ni kweli." Akanyoosha mkono. "Niazime futi."

Dada aliishika futi kwa ncha zote mbili, akaitazama ramani, akautazama ule mkono.