Fahali wa Chuma na Maboksi ya Jengo la Saba

Jumatatu, 11 Novemba

Leo ni sikukuu ya kununua. Zamani tulikuwa na sikukuu za mababu, siku hizi tuna sikukuu ya punguzo la bei. Tangu alfajiri Jengo la Saba zima limeinamia simu kama kuku kwenye mtama. Watanunua, mizigo itakuja, na itakuja ndani ya maboksi. Maboksi yatatupwa ngazini, kwenye lifti, kwenye maua ya watu. Hovyo kabisa!

Mimi sijawahi kununua kitu kwa simu. Mtu mwenye akili anakwenda sokoni, anakishika kitu, anakigonga, anakinusa. Mke wangu Mama Wenjun anaujua msimamo wangu. Kila kitu chetu anakileta kutoka sokoni, ndani ya kikapu. Huyo ndiye mke.

Jumapili ya wiki ijayo tunamchagua Mkuu wa Jengo. Tuko wawili: mimi, na Bi Leng wa ghorofa ya pili, kiongozi wa wale akina mama wanaocheza uwanjani kila jioni kwa spika ya kupasua masikio. Mimi nilistaafu nikiwa naibu mkuu wa kitengo, idara ya maji, hapa hapa Chengdu. Kwa watu wenye adabu, naibu huitwa Mkuu, na hilo neno "naibu" huachwa lijifie taratibu. Jengo zima linaniita Mkuu Pu. Isipokuwa Bi Leng. Huyo husubiri watu wajae ndipo aniamkie: "Naibu Pu, umeamkaje?" Naibu! Miaka yote hii! Nikishinda nitakuwa Mkuu wa kweli, na neno lake litamkwama kooni.

Nafasi imejileta yenyewe. Ofisi ya mtaa imetangaza kwamba jengo litakalorudisha maboksi mengi zaidi, ili yatumike tena, litapewa bendera nyekundu ya usafi. Nimejitolea kusimamia chumba cha maboksi pale chini. Nikiipata bendera, kura zitanifuata zenyewe. Bi Leng kwisha habari yake.

Jumatano, 13 Novemba

Maboksi yameanza kumiminika. Nimeweka kiti changu mlangoni pa chumba. Chupa ya chai mguuni, lenzi mkononi. Kila aletaye boksi namkagua. Limekunjwa? Selotepu imebanduliwa? Kisha naisoma lebo kwa sauti, ili watu wajue nani mwema wamuige. Kuiga ndiyo tabia ya binadamu.

Wa kwanza alikuwa Yan wa ghorofa ya sita. Nikatangaza: "Bwana Yan! Dawa ya nywele zinazonyonyoka! Hongera sana!" Badala ya kushukuru akaiva uso, akaondoka mbio kofia mkononi. Mama mmoja wa ghorofa ya tisa alipokiona kiti changu akapiga moyo konde, akapiga hatua mbili, kisha akageuka na boksi lake eti amesahau kuzima jiko. Hakurudi. Hadi adhuhuri chumba kilikuwa kitupu, unaweza kuweka meza ya mchezo wa majong ndani.

Watu hawana uzalendo. Basi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekuta uhalifu. Nyuma ya mlango wa ngazi ya dharura, boksi kubwa, zima, halijakunjwa, plastiki ya mapovu imemwagika nje kama matumbo ya samaki. Namba ya nyumba imekwanguliwa kwa ukucha. Namba ya simu ni nyota tupu, zimebaki tarakimu chache za mwisho. Lakini jina limebaki: Fahali wa Chuma.

Siku hizi kila mtu anaagiza kwa jina la kubuni. Wanawake wanaoishi peke yao hujiita majina ya majambazi ili mleta vifurushi aogope. Lakini mimi sidanganyiki. Nimelichunguza boksi kwa lenzi. Mwanamume. Kapera. Mnene, mlevi, mtu wa kuja, hana mke wa kumwambia neno. Tarakimu zile sizijui. Kwanza mimi sijui namba ya mtu yeyote, simu yangu ina majina tu. Ya mke wangu imeandikwa "Nyumbani".

Jumamosi, 16 Novemba

Nimetafakari. Watu hawasukumwi na dhamiri, wanasukumwa na tumbo. Nimenunua trei za mayai na kubandika tangazo: boksi moja, yai moja.

Lo! Walikuja! Lakini nani? Watu wa Jengo la Tatu. Vikongwe wa mtaa wa pili, na mikokoteni. Mzee Ruan wa ghorofa ya kwanza alichana boksi la viatu vipande vinne, akadai mayai manne. Nikamwambia hilo ni boksi moja. Akasema kila kipande kina pembe zake, tena akaniuliza mimi nilisoma shule gani. Watu wa jengo langu mwenyewe walipita mbali, wakinitazama kama muuza samaki waliooza. Mayai yakaisha kabla ya chakula cha mchana. Nikatukanwa, na yai la mwisho likanipata begani. Naapa lilirushwa na kikongwe.

Bi Leng alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Akasema taratibu kwamba watu hawa hawahitaji mayai. "Naibu, ondoa hicho kiti tu." Nikacheka mpaka nikakohoa. Kiti! Kiti kina kosa gani? Hivi ndivyo anavyofikiri mtu aliyezoea kutumia miguu tu.

Jumatatu, 18 Novemba

Tumbo limeshindwa, sasa aibu. Nimeandika bango kwa brashi, herufi kubwa kama sahani, nikalibandika ndani ya lifti:

NYANI HAONI KUNDULE. FAHALI WA CHUMA, TUNAKUJUA!

Chini yake nikapanga majina ya wote ambao maboksi yao nimeyakuta ngazini, na walichonunua. Wino ulitiririka vizuri ajabu, na brashi ni mpya. Mama Wenjun alivileta kutoka sokoni juzi. Soko letu zuri sana, wajinga hawalijui.

Haikupita hata robo saa, kundi la simu la jengo likawaka moto. Yan anauliza nani amenipa ruhusa ya kuzitangaza nywele zake. Mwingine anasema nguo zake za ndani hazimhusu mtu. Hawaoni haya kutupa, wanaona haya kusomwa! Matokeo yake hadi jioni: hakuna boksi hata moja ngazini kwetu. Ushindi! Kisha nikasikia Jengo la Pili linaongoza kwa maboksi. Yote hayana lebo. Yamehama yale! Wasaliti wanavuka ua na maboksi chini ya makoti ili kumpa bendera jirani.

Mama Wenjun alipoiona picha ya bango kwenye kundi, upawa ulimwanguka. Akaniomba kwa upole nilibandue. Eti labda Fahali wa Chuma ni mtu mzima tu anayemwogopa mtu fulani. Nikamwambia anayeogopa ana hatia. Akarudi jikoni. Supu ya bata ilikuwa chumvi tupu.

Alhamisi, 21 Novemba

Fahali amerudi! Maboksi mawili mapya, safari hii nyuma ya mitungi ya kuzimia moto. Anajificha zaidi, lakini anaendelea. Jeuri hiyo!

Nimetangaza kwenye kundi: Jumapili, kabla ya kura, nitamfichua Fahali wa Chuma hadharani. Siku za mwizi arobaini. Yan mwenyewe ameniuliza ni saa ngapi. Watakuja wote. Bendera imeniponyoka, sawa, lakini nikimtoa huyu mnyama mafichoni, nani atampa kura mcheza ngoma?

Mama Wenjun hali vizuri siku hizi. Amesema Jumapili twende Chongqing tukamwone binti yetu. Jumapili! Nadhani anatishika kuwa mke wa mkubwa. Nimemwambia atazoea. Akaniletea ndara mpya za manyoya, kutoka sokoni, akaondoka.

Jumapili, 24 Novemba

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika.

Uwanja ulijaa. Baridi ya kuuma masikio, lakini walikuja, hata vikongwe wa mayai. Nilihutubia vizuri sana. Nilisema kuhusu ustaarabu, kuhusu mababu, kuhusu kapera mnene mlevi anayetuchafulia jengo. Wakati huo huo Kaka Zhuo, mleta vifurushi wa mtaa huu, akaingia na pikipiki yake ya magurudumu matatu. Mungu mwenyewe hangepanga vizuri zaidi. Nikamsimamisha mbele ya watu wote, nikamwamuru atutajie Fahali wa Chuma ni nani.

Akasema yeye hajui sura za watu, anajua namba, mzigo anauacha kwenye kabati la vifurushi pale chini. Lakini leo anao mmoja wa Fahali.

"Mpigie!" nikasema. "Hapa hapa!"

Alisita. Akamtazama Bi Leng, akanitazama mimi. Akapiga.

Simu ikalia. Wimbo wa akina mama wanaocheza! Nikageuka kama umeme, nikamnyooshea Bi Leng kidole: "Ndiye huyo! Mnamwona?" Bi Leng akainua simu yake juu. Kimya. Wimbo ukaendelea kulia, nyuma yangu, ndani ya kikapu cha Mama Wenjun.

Uwanja mzima ulisikia wimbo ule mpaka mwisho.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alisema, tena kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Ndiyo, mimi ndiye fahali. Fungua, Baba Wenjun, waone nilichonunua."

Nikafungua. Vifuniko vya magoti, vya sufu.

"Si unashinda mlangoni pale kwenye baridi na magoti yako mabovu," akasema. "Na ndara zako ni mimi. Na chai yako. Na wino uliotutukania. Na hilo daftari unalojisifia humo kila siku. Soko gani, mume wangu? Soko lilivunjwa mwaka juzi, pamejengwa maegesho!"

Nikauliza, maana ilibidi niulize kitu, kwa nini basi hakuyaleta maboksi chumbani kama watu.

"Ningepita wapi? Wewe si umekaa mlangoni na lenzi?"

Kicheko! Yan aliivua kofia akajipepea nayo. Mzee Ruan alilazimika kukalia boksi. Niliona aibu, nilitaka ardhi inimeze na vifuniko vyangu. Bi Leng peke yake hakucheka. Alisogea akasema polepole, "Naibu, vaa hivyo vitu, baridi itakumaliza." Hilo ndilo lililouma kuliko vyote.

Kura zilipigwa kwa mikono. Upande wangu ilinyooshwa miwili. Mmoja wangu. Wa pili ulikuwa wa Mama Wenjun, bado umeshika simu. Huyu mwanamke hana msimamo kabisa.

Jumatano, 27 Novemba

Mkuu mpya ameanza kazi. Kazi gani! Ameondoa kiti changu. Ameacha mlango wazi kutwa nzima, akafunga kisu kidogo kwa kamba ukutani, na kando yake muhuri wa wino wa kufutia majina kwenye lebo. Basi. Hakuna hotuba, hakuna yai, hakuna msimamizi. Akina mama wake wakija kucheza wanakunja mawili matatu kwanza, wanapiga soga, wanaendelea.

Maboksi yamefika darini. Yan ameleta mzigo mzima, anapiga mluzi. Mama Wenjun anashuka na yake mchana kweupe. Inasemekana bendera nyekundu ni yetu.

Sababu iko wazi kwa yeyote mwenye macho: bango langu limeanza kufanya kazi. Aibu huchelewa kuiva, kama kabichi ya kuchachushwa. Mmoja hupanda, mwingine huvuna na kupigiwa makofi.

Jumamosi, 30 Novemba

Lazima mtu amwangalie yule mwanamke. Kutoka dirishani kwangu lenzi haifiki. Darubini inahitajika, na soko, inavyosemekana, ni maegesho. Kwa hiyo nimeagiza kwa simu. Mara moja tu, kwa manufaa ya umma.

Wakaniuliza jina la mpokeaji. Niandike langu, wambeya walisome? Nikafikiri kidogo. Nikaandika: Leng Guifang. Ha! Mzigo ukifika, darubini naichukua, boksi naliacha wazi katikati ya ngazi. Jengo zima litaona Mkuu wao anavyotupa takataka. Sijalala vizuri hivi tangu nistaafu.

Jumanne, 3 Desemba

Zhuo ni mpumbavu. Aliliona jina la Mkuu mpya, badala ya kuuacha mzigo kabatini akampelekea Leng mkononi, kwa heshima kabisa.

Mlango uligongwa wakati tunakula tambi. Bi Leng, darubini mkono huu, boksi kwapani, limeshakunjwa likawa bapa, jina limefutwa kwa wino. Aliona namba ya nyumba yetu kwenye lebo kabla hajaifuta. "Naibu Pu, mzigo wako huu. Boksi nalipeleka mwenyewe, nashuka." Mama Wenjun alicheka, tambi zikamtoka puani. Akamkaribisha chai. Chai yangu.

Nilimwangalia akivuka ua, kwa darubini. Inaona vizuri sana. Aliliweka juu ya mengine, pembe kwa pembe, bila kipande cha selotepu. Kazi safi, lazima niseme. Na nani alimfundisha kukunja? Mimi. Shukrani? Hata kuniita Mkuu hawezi.

Uchaguzi mwingine utakuja. Watu hawa wanahitaji sauti ya kuwaongoza, kwa hiyo nimeshaagiza kipaza sauti. Safari hii kwa jina la Mzee Ruan.