Bwawa Lililozaa Samaki wa Wilaya Nzima

Kwa furaha kubwa na unyenyekevu wa kadiri, Ofisi ya Ukweli wa Chakula ilitangaza kwa vipaza sauti vya soko la Rạch Sậy kwamba kuanzia Jumatatu hakuna samaki atakayeuzwa bila historia yake. Historia hiyo ingeandikwa kwenye blokucheni, daftari la mtandaoni ambalo kilichoandikwa humo hakifutiki.

Thắm, aliyesomesha watoto wawili kwa kambare wa mtoni, alipeleka beseni lake kwenye meza ya usajili.

"Samaki huyu kazaliwa wapi?" karani akauliza.

"Mtoni."

"Mto si anwani, mama. Mfumo unataka bwawa."

"Sasa nimrudishe akazaliwe upya?"

Bwawa lililosajiliwa lilikuwa moja tu, la Lộc, shemeji yake Khiêm, mkurugenzi wa Ofisi hiyo. Lộc alikuwa akiuza stika zenye msimbo wa bwawa lake pale pale mlangoni. Thắm alisonya, akanunua. Wenzake wakanunua. Kufikia Ijumaa, bwawa hilo lilikuwa limezaa kambare wote wa wilaya, kamba, kaa, na bata sabini. Ofisi iliridhishwa na kasi ya uzazi.

Mgeni akaja kukagua kutoka makao makuu, Hanoi. Akaelekeza simu yake kwenye stika ya kambare: bwawa la Lộc. Ya bata: bwawa la Lộc.

"Ajabu!" alisema. "Kesho mchana nataka kuwaona wakivuliwa."

Khiêm alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mle bwawani mlikuwa na magugu na pikipiki mbovu.

Asubuhi yake alifika sokoni na malori sita.

"Dada Thắm, niokoe. Nipe samaki wote walio hai, nikawamwage bwawani."

"Wapo, bosi. Ila hawana stika."

"Achana na stika!"

"Hee! Nivunje sheria? Mimi mwoga bwana. Niandikie."

"Mwandikie!" wauza samaki wakadakia.

Mkurugenzi akachana kipande cha boksi, akaandika kwa mkono wake, akagonga muhuri: *Inathibitishwa kwamba samaki wa soko hili ni wa mtoni, hawajawahi kuliona bwawa la Lộc, na ni samaki.*

Thắm alikisoma mara mbili, akakitundika juu ya beseni, akaanza kupima.

"'Hawajawahi kuliona bwawa,'" sauti ikasoma taratibu nyuma ya Khiêm. Mgeni wa Hanoi alikuwa ameamka mapema kutafuta supu ya tambi.