Kuku wa Bi Siti

Jumatatu, 15 Septemba
Imetangazwa! Jumanne ya wiki ijayo ofisi ya elimu inakuja kuwapima watoto wa darasa la pili kusoma. Mwalimu Mkuu Soud kaongeza kuwa ipo nafasi moja ya uhamisho wa Wawi, na atapendekezwa mwalimu ambaye darasa lake litasoma vizuri.

Wawi! Kwa mke wangu Rahila! Mwaka wa tisa huu nimo Micheweni, najikwaa kwenye majiwe, nachemsha muhogo wangu peke yangu. Safari iliyopita mwanangu mdogo kakimbilia ndani, kamwambia mamake kuna mgeni mlangoni.

Mie nina Pili A, na anayenikera ni Bi Tamima wa Pili B. Kwao hapa hapa. Wawi ataifanyia nini?

Jumatano, 17 Septemba
Mungu hamtupi mja wake. Nimetumwa chaki kabatini kwa Mwalimu Mkuu, nimekuta karatasi ya mtihani wa mwaka jana. Hadithi fupi, Kuku wa Bi Siti. Wale wa ofisini nawajua, wavivu kupita kiasi. Watatunga nyengine ya nini?

Na mie nifundishe kusoma ya nini? Watahifadhi! Watoto hawa huko chuoni wanahifadhi juzuu nzima ya Kurani. Kuku mmoja atawashinda?

Ijumaa, 19 Septemba
Siku mbili tu, wamemmaliza! Wanayumba mbele na nyuma, wanavuta sauti kwa mahadhi, kuku wa Bi Siti anataga, anapotea, anaonekana. Machozi yamenitoka.

Kasoro Asya. Kang'ang'ania karatasi, kaweka kidole chini ya neno, anataka kujua hili linasemaje na lile linasemaje. Nimemwambia afumbe macho asome kama wenzake. Kajibu kuwa akifumba haoni. Mzito wa kichwa, na ulimi anao!

Bi Tamima kapita dirishani kauliza kama leo tuna maulidi. Kijicho hicho. Yeye siku nzima anawasomesha watoto wake maandishi ya magunia ya unga. Masikini ya Mungu.

Jumatatu, 22 Septemba
Asya yule yule, kidole kile kile. Ataniangusha huyu. Nimemwita mamake, Bi Mwanawema, nikamwambia mtoto ana homa. Kamshika paji la uso, kasema mbona wa baridi. Nikamwambia ni homa ya ndani kwa ndani, kesho asije, nishamwandika mgonjwa. Kanishukuru kwa huruma yangu, kaniombea dua. Nimeitikia amin.

Jumanne, 23 Septemba
Mbuzi.

Yarabi, mbuzi! Mtahini, Bi Maha, katoa karatasi yenye picha ya mbuzi mkubwa wa Mzee Hamdan. Wa kwanza Nassor. Kaanza na Bismillahi, kayumba, kamtoa kuku wa Bi Siti kwa mahadhi. Karatasi kaishika miguu juu. Bi Maha kaigeuza, Nassor hakukatika. Kamnyang'anya kabisa, Nassor kaendelea mikono mitupu mpaka kuku akapatikana.

Na waliofuata wote, kuku yule yule. Bi Maha kaniuliza kwa upole kama yupo hata mmoja anayejua kusoma. Nimekohoa.

Hapo tena akaingia Bi Mwanawema na Asya. Homa kaitafuta tangu alfajiri hajaiona, kamleta mtoto asikose mtihani. Asya kachukua karatasi ya mbuzi, kaweka kidole, kaisoma yote. Bila ya kukwama! Bi Maha kafurahi, kafungua daftari la darasa ampe alama, kakuta jina lake lina alama ya mgonjwa. Kasema wagonjwa hawahesabiwi.

Mkono ulioandika ni wangu. Sitaki kula.

Alhamisi, 2 Oktoba
Wawi kapewa Bi Tamima. Analia, hataki kwenda, mamake mzazi hajiwezi na yupo hapa. Nikasema basi nipewe mie nimpunguzie machozi. Mwalimu Mkuu kacheka mpaka kakaa kitako. Alipopata pumzi kanikabidhi na Pili B juu yake.

Nimempigia Rahila. Kasema sawa. Sawa tu, hajaongeza neno. Kampa simu mtoto, nikamsikia anamuuliza mamake huyu nani.

Inauma. Lakini nimekaa nikalitafuta kosa lilipokuwa, nikaliona. Mahadhi! Na yule kuku wa zamani. Darasa langu linarudiwa kupimwa Novemba, na Wawi nasikia yupo mwalimu anayekaribia kustaafu. Wale wa ofisini ni wavivu, watakuja na mbuzi huyo huyo. Na karatasi ya mbuzi Asya aliondoka nayo.

Basi leo nimemsimamisha mbele ya darasa. Kawasomea wenzake pole pole, neno kwa neno, vizuri mno, wamemfuata mpaka wameshika. Kisha nimemchukulia ile karatasi nikaikunja mfukoni, nikamwambia sasa na yeye afumbe macho.