Pikipiki Nne na Mulima wa Fizi

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita 2024
Pikipiki nne za chama chetu cha bamama, zote zimelala hapa Baraka! Fizi hakuna hata moja. Ni hivi: nyumba yoyote ya chama inachukua piki, inaiacha inapofika. Siku ya soko watu wa Fizi wanashuka nazo na mihogo, halafu wanarudi juu ya kamyo, lori la mizigo, sababu ya mulima. Mama Dorothée wa Fizi kapiga simu: mama prezidante, tubebe kwa kichwa mpaka lini?

Na Jumapili ni uchaguzi wa prezidante wa chama. Kiti changu cha miaka sita! Sina woga. Divine, mutoto wangu mwenye diplome ya Bukavu (mimi niliishia darasa la sita, lakini akili aliitoa kwa nani?), kanichorea mpango wa kurudisha piki. Ramani ya rangi! Nimeitia kwenye kadre ya kioo, ukutani, juu ya picha ya harusi. Akasema, mama, nyuma kuna maandishi. Nyuma ni ya ukuta.

Jumatano, tarehe 5
Nimetuma Haruna fundi na wenzake watatu wapeleke piki nne Fizi. Zimefika! Nikapiga vigelegele mpaka jirani akatoka. Saa kumi, mungurumo. Wamerudi. Juu ya nini? Juu ya piki zilezile! Nikawauliza kama wana akili. Haruna akaniuliza, kwa heshima, kama nilitaka waruke.

Alhamisi, tarehe 6
Mpango mupya. Mutu wa tano awafuate na piki ya jirani, awarudishe wote wanne nyuma yake. Haruna akahesabu watu, akatazama kiti, akaomba ruhusa ya kwenda kuona mugonjwa.

Jumamosi, tarehe 8
Piki ziko Fizi! Nani? Dorothée. Kawaambia bamama wauza ndagala: anayepanda Fizi na samaki asingoje kamyo, achukue piki, aiache kule, halipi kitu. Basi. Hakuna wa kurudi nazo! Divine akacheka: mama, ndiyo niliyoandika nyuma ya ramani, mama Dorothée aliomba nakala. Mwizi! Nikatazama kadre. Sikuitoa. Imekaa vizuri mno.

Jumapili, tarehe 9
Dorothée kura thelathini na moja. Mimi moja, ya Divine. Yangu wameikataa: eti jina linaandikwa nyuma ya karatasi, mimi niliandika mbele.

Sawa. Sasa nina nafasi ya kufikiri makubwa. Kosa si la piki, ni la soko: kwa nini liko Baraka? Nimemwomba Divine ramani ya kulihamishia Fizi. Ya rangi. Nyuma asiandike kitu.