Homa Inayojua Kurudi

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Noah amemaliza uji sasa hivi, akavaa kikombe kichwani kama kofia, akacheka mpaka akaanguka chini. Huyo ndiye mgonjwa wangu! Jana aliwaka kama kikaango. Anaita maji, akipewa anatapika. Leo nimembeba mpaka kituo cha afya, tumefika mwili umepoa. Sista Rita akampima: hana joto. Akamtoboa kidole: hakuna malaria. Akasema nimrudishe homa ikirudi.

Ikirudi! Hii ilikuwa mara ya pili. Inakuja, inamchoma, inaondoka. Wiki inapita nadhani tumepona, inakuja tena. Na kila nikifika kwa Sista imeshatoroka.

Wifi yangu Ndanu alikuwa uani nikirudi. Akauliza kama leo tena nimempeleka mtoto matembezi. Akasema kuna wamama wanapenda kuhurumiwa. Kaptula ya Noah inashuka yenyewe siku hizi, hiyo haioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili! Sista anaamini kipima joto tu. Basi kitasema. Kikisema, atatuandikia twende hospitali kubwa Voi, na huko mume wangu Mwangangi yuko kazini, atatupokea stendi.

Mpango: yai la kuchemsha, limefungwa kitambaa, kwapani. Si uongo. Homa ipo, imetoka kidogo tu. Mimi ninaisaidia kuonekana. Nimejaribu kwapani mwangu kwanza. Nimeungua. Nitaongeza kitambaa.

Jumatano, 5 Machi

Aibu! Heri ardhi ya Kasigau ingepasuka inimeze.

Kipima joto kilipanda vizuri sana. Kilipanda kupita kiasi. Sista akakitazama, akamtazama Noah anayecheza na kamba ya viatu vyake, akakitazama tena. Hapo mwanangu mwenyewe akanisaliti. Akainua mkono, akapiga kelele: “Yai!” Akalitaka ale. Foleni nzima ilicheka. Mzee mmoja akauliza kama kuku naye amelazwa.

Sista hakucheka. Alifunga mlango, akaniuliza kwa nini. Nikalia. Nikamwambia yote, jinsi homa inavyoenda na kurudi. Akaacha kuandika. Akauliza tunalala wapi. Nikasema chini, kwa mkeka, katika nyumba ya udongo ya marehemu nyanya wa mume wangu, tangu upepo uchukue mabati yetu.

Akasema huenda ni homa ya papasi. Papasi ni kadudu kama kupe. Kanakaa kwa nyufa za ukuta na sakafu, kanatoka mkilala, kananyonya upesi na kurudi. Hujui hata umeumwa. Kanaacha vijidudu ndani ya damu. Homa ikishuka vinapungua mpaka hata maabara hawavioni. Ikipanda vimejaa tena. Akasema: “Usiniletee yai, mamangu. Niletee mtoto akiwaka, saa hiyo hiyo.”

Kwa hiyo sasa ninangoja mwanangu augue. Mama gani huyo? Namgusa paji kila saa. Limepoa, nafurahi. Limepoa, naogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Imerudi asubuhi. Noah hakutaka uji, hakutaka kikombe, hakutaka hata mimi. Ameniangalia kama hanijui.

Pikipiki ya karibu ni ya Ronald, mume wa Ndanu. Nimwombe Ndanu? Baada ya habari ya yai kumfikia? Hapana. Nikamfunga Noah mgongoni nikaenda kwa miguu. Joto lake lilipita kanga mbili. Akaacha kulia. Hapo ndipo nilipoanza kukimbia na kuomba Mungu pamoja.

Nikasikia pikipiki nyuma. Ndanu mwenyewe anaendesha, sketi ameifunga kiunoni! Ronald hayuko, akasema, na yeye ameona Ronald akifanya, inatosha. Akaniambia: “Panda wewe, kiburi chako utakibeba baadaye.” Tulipita shimo moja tukiwa hewani. Nikampenda kidogo.

Safari hii kipima joto hakikuhitaji msaada. Josephat wa maabara akatoa damu, akainama kwa darubini, akaita Sista. Kisha akaniacha nichungulie. Vinyuzi vimejikunja kama uzi wa sweta iliyofumuliwa, vinajinyonga katikati ya damu ya mtoto wangu. Nimeviona. Sitavisahau.

Jumanne, 11 Machi

Sista alionya jana kwamba baada ya dawa ya kwanza, vijidudu vikifa, mwili unaweza kutetemeka sana kabla ya kutulia. Ndiyo maana walitulaza. Lakini kuambiwa si kuona! Meno ya Noah yaligongana, midomo ikabadilika rangi. Sista alimshika upande mmoja, Ndanu miguu. Mimi nilimwimbia, sauti ikakataa, Ndanu akamalizia kwa sauti yake mbaya.

Kisha jasho. Kisha usingizi. Kisha akafungua macho na kuitisha ndizi.

Ijumaa, 14 Machi

Noah anamkimbiza jogoo. Kaptula inashikwa na kamba, lakini anakimbiza!

Leo Sista anakuja na watu wa kupulizia dawa nyumbani. Atapima kila aliyelala humo. Amesema mara mbili: mtu akisikia homa, asingoje iondoke.

Mimi nimeamka na baridi. Kichwa kinagonga, magoti hayanisikii. Lakini nikilazwa Noah atabaki kwa Ndanu, na jana alimwita mama! Ndanu akacheka, akaitika! Hapana. Homa hii naijua tabia yake sasa. Itakaa kidogo, itaenda yenyewe. Nitavaa sweta, niseme ni ubaridi wa mlimani. Wakati wa kupimwa nitakuwa nimeenda kuteka maji. Mpango mzuri kabisa, hauna yai.

Ndanu anachungulia mlangoni. Anasema Mama Noah, toka, Sista amefika, na kwani mbona umevaa sweta na jua lote hili. Anaingia. Nitamwambia nime—